Igizo Lisiishie Meza Kuu: Barua ya Wazi kwa Madiwani na Wakurugenzi wa Halmashauri

Waheshimiwa madiwani, pamoja na wakurugenzi mnaowaandalia madiwani makabrasha ya bajeti,

Kila mwaka, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, viwanja vya makao makuu ya wilaya hujaa mahema, viti vya plastiki na vipaza sauti. Ni Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia. Kikundi cha sanaa hupewa dakika kumi katikati ya ratiba. Mume anarudi kalewa, anampiga mke kwa sababu ugali umepoa, jirani anakimbilia polisi, mume anatoka na pingu, umati unacheka na kupiga makofi. Inafuata risala, inafuata hotuba ya mgeni rasmi, zinafuata soda. Wasanii wanasaini karatasi ya posho, wanakunja maleba yao na kutafuta bodaboda. Vijiji vya pembezoni, ambako mambo hayo yanatokea kweli, havikuona kitu.

Barua hii haina ugomvi na wasanii hao. Wengi ni vijana wenye vipaji wanaofanya walichoagizwa. Ugomvi wake ni na namna kazi inavyoagizwa. Tanzania ina zaidi ya miaka 40 ya uzoefu wa kutumia maigizo kwa njia nyingine kabisa, njia iliyopikwa hapa hapa nchini na walimu na wanakijiji wa hapa hapa, na halmashauri 184 za Tanzania Bara ndizo zenye watumishi na mamlaka ya kuirudisha vijijini. Ombi ni moja: fedha ya maigizo iache kulipia onyesho la siku moja, ilipie kazi nzima, kuanzia kikundi kinapokwenda kusikiliza kijijini mpaka kinaporudi kuona nini kimebadilika.

Hali ilivyo haihitaji kuongezewa chumvi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Utafiti uliofuata, wa 2022, ulikuta 27. Hiyo ni hatua, na waliohangaika kuifikia wanastahili sifa. Lakini 27 katika 100 ni zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne. Kata yenye wanawake 4,000 wa umri huo, ikiwa inafanana na wastani wa nchi, ina zaidi ya 1,000 waliopitia hayo. Kwa wasichana, uchunguzi wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18.

Kuna jedwali jingine katika utafiti ule wa 2015-16 ambalo halisomwi sana majukwaani. Waliohojiwa walitajiwa sababu tano: mke kuunguza chakula, kubishana na mume, kutoka bila kuaga, kutowajali watoto, kukataa tendo la ndoa. Wanawake 58 katika 100 walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya hizo. Wanaume waliokubali walikuwa 40.

Mwanamke anayeamini kwamba alistahili kofi kwa kuunguza maharage haoni kesi ya kupeleka kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, hata dawati lingekuwa nyumba ya pili kutoka kwake. Nchi imefungua madawati hayo zaidi ya 400 katika vituo vya polisi, imeanzisha Vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, imeweka namba 116 ya kupiga bure kwa ajili ya watoto, na imetoa mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ambao awamu yake ya pili ilizinduliwa 2024. Vyombo vipo. Kinachopungua ni hatua zile chache kati ya nyumba na chombo, na hatua hizo zinapita katikati ya mama mkwe, shangazi, jirani, mwenyekiti wa kitongoji na woga wa kuitwa mvunja ndoa.

Hapo ndipo maigizo yanapokuwa na kazi ambayo bango haliiwezi.

Mwaka 1982 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Alikuwemo Penina Muhando, ambaye wasomaji wa tamthilia wanamjua kwa Hatia na Nguzo Mama, na mwenzake Amandina Lihamba. Hawakwenda na mchezo mkononi. Walikaa na wanakijiji wakawauliza ni jambo gani linawakera, na jibu lililorudi lilikuwa mimba za wasichana wadogo. Vijana wa Malya wakalichimba jambo hilo, wakalitungia maonyesho kwa ngoma, nyimbo na mazungumzo ya kwao, wakayaonyesha mbele ya majirani zao, kisha kijiji kikakaa kujadili kilichoonekana. Kazi ilikwenda kwa awamu hadi 1983. Mbinu hiyo hiyo ilipelekwa baadaye Msoga, Bagamoyo, na Mkambalani, Morogoro, na Muhando, kwa jina lake la Penina Mlama, aliieleza katika kitabu kilichotoka 1991.

Upya wa jambo hilo unaonekana ukikumbuka kilichokuwepo kabla yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 wasanii waliitwa kueneza siasa ya Ujamaa. Ngonjera, zilizopata umaarufu kwa kalamu ya Mathias Mnyampala, zilimweka asiyejua upande mmoja na mjuzi upande wa pili. Wanajibizana, na mwishoni asiyejua anakubali. Mtindo huo ulikuwa na kazi yake wakati ule, na ulikuza vipaji vingi vya kusema hadharani. Tatizo ni kwamba maigizo mengi ya kupinga ukatili bado ni ngonjera zilizovaa nguo nyingine. Mwanakijiji ndiye asiyejua, mradi ndio mjuzi, na dakika ya kumi mume mlevi anaomba msamaha. Watazamaji wanajua jibu linalotakiwa tangu dakika ya kwanza. Wakiulizwa na mwezeshaji, wanalitoa. Wakirudi nyumbani, wanaendelea na maisha waliyoyaacha.

Kuna pia madhara ya kichekesho. Kwa miaka mingi vikundi vya burudani vya Dar es Salaam vilizoesha watazamaji kwamba kati ya ngoma na sarakasi kutakuwa na vichekesho, na mlevi anayegombana na mkewe ni mhusika anayepata kicheko bila jasho. Kicheko kinavuta watu, na kikundi chochote cha mtaani kinakihitaji. Lakini watu wanapocheka namna mwanamke anavyoanguka akipigwa, onyesho limekwisha kufundisha kitu, na hotuba itakayofuata haiwezi kukifuta. Wasanii waliofunzwa vizuri wanajua kukihamisha kicheko: wanamcheka shemeji anayejifanya hasikii kelele za chumba cha pili huku ameongeza sauti ya redio.

Miaka kumi na mitatu baada ya kazi ya Malya kumalizika, yaani 1996, Muhando na Lihamba walianzisha Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walichunguza wenyewe yanayowakwamisha, wakayatungia mchezo, wakauonyesha mbele ya walimu na jamii, na klabu za shule zikafuatilia yaliyokubaliwa. Msichana ambaye asingethubutu kuingia ofisi ya mkuu wa shule na kusema kwamba mwalimu fulani anawasumbua wanafunzi kingono, aliweza kumfanya mhusika wa mchezo aseme, na wote waliokuwa ukumbini wakajua kinachozungumzwa. Mradi huo ulichukuliwa na FAWE, shirika la Afrika linaloshughulikia elimu ya wasichana, ukaenea katika nchi nyingine nyingi. Ni moja ya mambo ambayo Tanzania imeyapeleka nje bila kujitangaza, na ambayo shule nyingi za sekondari za kata, zilizojengwa baada yake, hazijawahi kuyaona.

Pangani, mkoani Tanga, inaonyesha kwamba kazi ya namna hii inaweza kukaa wilaya moja kwa muda mrefu. Shirika la UZIKWASA lenye makao yake huko limetumia vikundi vya maigizo vya vijijini, filamu na redio jamii ya Pangani FM, vyote vikizunguka mambo yale yale na watu wale wale. Filamu yake ya Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar, inamfuata mwanamke anayebakwa na kundi la wanaume anaporudi kijijini kwao, na jinsi anavyotafuta haki katika jamii inayomtaka ajinyamazie. Mtu wa Pangani anayeitazama haoni nchi ya mbali. Anaona minazi yake, anasikia lafudhi yake, anaijua barza ambapo jambo kama hilo lingemalizwa.

Je, haya yanapunguza vipigo, au yanawafurahisha watu tu? Swali hilo ni la haki, na diwani anayeulizwa na wapiga kura kuhusu barabara na maji ana kila sababu ya kuliuliza.

Kampala, shirika la Raising Voices lilijaribu mbinu yake ya SASA! katika tarafa za Makindye na Rubaga, na watafiti wakaipima kati ya 2007 na 2012 kwa kulinganisha jamii zilizopata mradi na ambazo hazikuupata. Michezo ya kuigiza ya mtaani ilikuwa sehemu ya kazi, pamoja na mazungumzo ya mlango kwa mlango na mafunzo kwa polisi na wahudumu wa afya. Wanaharakati wa kujitolea zaidi ya 400, wote wakazi wa mitaa hiyo, waliendesha shughuli zaidi ya 11,000. Mwishoni, ukatili wa mwilini kutoka kwa mwenzi katika mwaka uliopita ulikuwa chini kwa asilimia 52 katika jamii zilizopata mradi. Jamii zilizolinganishwa zilikuwa nane tu, kwa hiyo kiwango chenyewe kichukuliwe kwa tahadhari. Lakini wanawake waliokubali kwamba mume anaweza kumpiga mke walikuwa wachache zaidi waziwazi. Upande wa Tanzania, Kivulini, shirika la Mwanza lililoanzishwa 1999, ni miongoni mwa walioichukua mbinu hiyo. Namba ya kushikwa hapo na wapanga bajeti ni ile ya shughuli 11,000. Hakuna aliyepata matokeo hayo kwa onyesho moja la Desemba.

Utafiti mwingine wa Uganda unafundisha jambo la ndani zaidi. Watu zaidi ya 10,000 katika vijiji 112 walihudhuria maonyesho ya filamu, na katika baadhi ya vijiji waliwekewa maigizo mafupi ya video kuhusu ukatili wa nyumbani. Miezi kadhaa baadaye watafiti walikuta kwamba maoni ya watu kuhusu ukatili hayakuwa yamebadilika sana. Kilichobadilika ni utayari wa kusema: wanawake walikuwa tayari zaidi kutoa taarifa, hofu ya kuonekana wambea ilipungua, na ukatili ulipungua katika vijiji hivyo. Maana yake kwa halmashauri ni kubwa. Watu wengi hawahitaji kuhubiriwa kwamba kumpiga mke ni kubaya. Wanahitaji kujua kwamba jirani naye anaona hivyo, na kwamba wakisema hawatabaki peke yao. Huko Tanga nako, igizo la redio la karibu saa mbili kuhusu ndoa za utotoni na za kulazimishwa, lililosikilizwa vijijini, lilipunguza uungaji mkono wa ndoa hizo, na zaidi ya mwaka mmoja baadaye athari yake ilikuwa bado inaonekana.

Njia inayofaa zaidi ya kuwaonyesha watu kwamba hawako peke yao ni igizo lisilomalizika. Mbrazili Augusto Boal aliliendeleza katika miaka ya 1970 huko Amerika ya Kusini, na limeota mizizi Afrika Mashariki kwa sababu watu wa huku wamezoea hadithi ambayo msikilizaji anaijibu. Kikundi kinacheza mpaka pale pabaya. Binti wa darasa la saba amepokelewa mahari. Baba amekwisha kununua mabati. Mama anajua na hasemi. Mwalimu mkuu ameona binti haji shuleni na anangoja mtu mwingine aanze. Hapo mchezo unasimama. Mwezeshaji anauliza nani kati ya hawa angeweza kufanya jambo lingine, na anayejibu haachiwi kukaa chini: anaitwa uwanjani, anachukua nafasi ya mama au ya mwalimu, anajaribu. Mara nyingi jaribio la kwanza linashindwa, kwa sababu msanii anayecheza baba anamjibu kama baba wa kweli angejibu. Mtu wa pili anakuja na maneno mengine. Kwa nusu saa kijiji kinafanya mazoezi hadharani ya mazungumzo ambayo kila mtu alikuwa akiyaogopa.

Mazoezi hayo yanahitaji mtu anayejua sheria. Mzazi atauliza: si Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu miaka 15? Mwezeshaji aweze kumweleza kwamba Mahakama Kuu iliamua 2016 kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo Oktoba 2019. Na kwamba tangu 2016 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwingine atauliza kama binti aliyejifungua anaweza kurudi darasani, na jibu tangu Novemba 2021 ni ndiyo. Kikundi kisichojua haya kinaweza kuondoka kijijini kikiwa kimeacha uvumi.

Yapo mambo mawili ya hatari ambayo barua hii ingekosa uaminifu kama ingeyaficha. La kwanza ni usalama wa wanaosema. Mwanamke anayeinuka mbele ya mume wake na kucheza nafasi ya aliyepigwa anaweza kulipishwa usiku ule. Ndiyo maana vikundi makini hufanya vikao vya wanawake na wasichana peke yao kabla ya onyesho la wote, havichezi kisa ambacho kijiji kinaweza kukitambua ni cha nani, na haviendi bila afisa ustawi wa jamii na askari wa dawati, mwanamke inapowezekana, wakiwa pale na fomu za polisi za PF3 na namba zao za simu. Igizo linalowafungua watu midomo pasipo mtu wa kuwapokea linawaumiza mara ya pili. Ikiwa afisa huyo hapatikani wiki hiyo, onyesho liahirishwe.

La pili linawagusa viongozi wenyewe. Kijiji kikiachiwa kuchagua cha kuigiza, kitamchagua mtendaji aliyepokea ng'ombe ili kesi ya ubakaji imalizwe kifamilia, mwalimu, mgambo, pengine diwani. Kenya ilishawahi kuonyesha namna serikali inavyoweza kuharibu jambo jema kwa woga: mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, walicheza mchezo waliotunga na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, kibali kikafutwa, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na 1982 ukumbi wao wa wazi ukabomolewa. Hakuna anayetarajia halmashauri ya leo ifike huko. Lakini simu moja ya kumwambia afisa utamaduni kwamba mchezo upunguzwe makali inatosha kurudisha kila kitu kwenye ngonjera. Diwani anayetaka kazi hii ifanikiwe awaambie mapema watendaji wake kwamba kuigizwa si kushitakiwa, kisha yeye mwenyewe aje kukaa kwenye jamvi na watu wengine, pasipo meza kuu.

Kuhusu fedha, baadhi ya vikundi vimeshauriwa vikaombe mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo ni mzuri kwa wanaofuga kuku na kushona nguo. Kikundi kinachocheza bure kijijini ili wasichana wasiozwe hakina mauzo ya kurejesha mkopo. Kazi hii ni huduma ya kinga kama chanjo, na mahali pake ni kwenye bajeti ya kawaida ya maendeleo ya jamii. Watu wa kuisimamia wapo tayari kwenye orodha ya mishahara: afisa maendeleo ya jamii, afisa utamaduni, afisa ustawi wa jamii na kamati za MTAKUWWA za kata na vijiji. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo na idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinaweza kuwafunza wawezeshaji, ambao waajiriwe kutoka wilaya husika na walipwe kwa kipindi chote cha kazi.

Uwanja nao upo. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na kila kiongozi anajua mahudhurio yalivyo. Igizo likitangulia, watu watakuja. Na likiwa ni lile lisilomalizika, mjadala wake unaweza kuingia moja kwa moja kwenye ajenda na hatimaye kuwa sheria ndogo ya kijiji: kwamba hakuna kesi ya mtoto kubakwa itakayomalizwa kwa faini, kwamba mwenyekiti wa kitongoji ana siku fulani za kutoa taarifa mtoto anapotoweka shuleni. Mkutano unaofuata, baada ya miezi mitatu, kikundi kinarudi na kuigiza kile ambacho kijiji kiliahidi.

Kalenda iachane na Novemba. Katika wilaya za mkoa wa Mara ambako ukeketaji bado unafanyika, msimu wake huwa Desemba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na wazee wa koo hukaa kuamua kabla ya hapo. Onyesho la Siku 16 linafika wakati mbuzi wamekwisha kununuliwa na shangazi wamekwisha kualikwa. Halmashauri za Tarime, Serengeti na Butiama zingepeleka vikundi kuanzia Juni, shule zikiwa karibu na likizo na wazee wakiwa bado hawajakaa, zingekuwa zinazungumza na watu wanaoweza bado kubadili uamuzi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vipaumbele vya vijiji huanza kukusanywa miezi mingi kabla. Katika kikao kijacho cha kamati ya huduma za jamii, afisa maendeleo ya jamii na afisa utamaduni waitwe pamoja, waulizwe vijiji vitatu vya kuanzia, kikundi kitakachokwenda kusikiliza kwanza, askari wa dawati atakayefuatana nacho, na tarehe ya kurudi huko mara ya pili.